Mkamwana wa Kwenye Sentensi

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao: kinyozi, nesi wa wodi ya wazazi, mlinzi wa benki, fundi wa friji, na wahudumu wawili wa hoteli waliokaa bega kwa bega na kunakiliana bila aibu. Walikuja jioni wakiwa hoi. Mwalimu alijua kwamba mtu aliyechoka hakariri kitu, kwa hiyo alikuwa na kanuni moja ambayo hakumlegezea yeyote. Kwa kila neno jipya la Kiingereza, kila mtu alisimama akatunga sentensi, na sentensi hiyo sharti iwe ya kweli, itoke nyumbani kwake au kazini kwake. Kiingereza cha kubuni, alisema, hulala daftarini. Cha kweli unakwenda nacho nyumbani.

Ilikuwa kanuni nzuri sana, mpaka siku mama mkwe wake alipojiandikisha.

Hakumwarifu mtu. Mwalimu aliingia darasani na kalamu yake ya ubao mkononi, akamkuta mama wa mumewe kwenye kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani, miwani puani, anamtazama kama mtu aliyekuja kukagua. Sababu yake aliieleza baadaye kwenye ngazi, bila kuona haya yoyote. Mjukuu alikuwa ameanza shule, na shule ilikuwa imeagiza watoto wazungumze Kiingereza nyumbani. Basi kila wakati wa chakula mama na binti walikuwa wakizungumza lugha hiyo mezani, na yeye katikati anatafuna. Alitaka kujua kama anasengenywa mbele ya sahani yake mwenyewe.

Mwalimu hakubishana naye. Mama mkwe habishiwi, na huyu hasa, ambaye mdomo wake haukuwahi kwenda likizo tangu ulipoota meno. Alimwomba jambo moja tu, wasionyeshe mbele ya watu kwamba wanajuana. Akimsahihisha mama mkwe wake hadharani ataonekana hana adabu, na asipomsahihisha ataonekana ana upendeleo. Darasani awe mwanafunzi kama wengine. Bibi alikubali haraka, na haraka ile ingepaswa kumtia Mwalimu wasiwasi.

Siku ya kujifunza namna Waingereza wanavyosema mtu ameachana na jambo, Bibi alisimama wa kwanza. Alisema mke wa mwanangu ameachana na kupika, siku hizi anachemsha tu. Darasa lilicheka mpaka muuza rangi akagonga dari kutoka chini. Siku ya kujifunza kitu kuisha, chumvi ilikuwa imeisha nyumbani kwa mke wa mwanangu, au labda hajui inakokaa. Siku ya kuangalia na kutunza, mke wa mwanangu alikuwa anazitunza kucha zake kuliko anavyomtunza mume. Kila neno Mwalimu alilofundisha, Bibi alilipeleka nyumbani kwanza, kisha akalirudisha darasani likiwa limevaa nguo za mkamwana wake.

Wenzake wakambatiza jina la Bibi Sentensi. Kinyozi alizibeba sentensi hizo hadi kibandani kwake, akawa anawasimulia wateja huku wembe u shingoni mwao. Mlinzi, mtu mzito wa kucheka, alikuwa akiuliza kabla ya kipindi kama kuna habari za yule mwanamke. Na Mwalimu afanye nini? Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Alisema vizuri, ila hapo ongeza herufi, hapo geuza kitenzi, kisha akaandika ubaoni kwa mwandiko ulionyooka kwamba yeye ni mvivu, mchoyo wa chumvi na mpenda kucha. Wahudumu wa hoteli walinakili.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini wahenga hawakusema ufanyeje ukiwa umeshaahidi kutojikuna. Angemkataza Bibi, angejifichua. Angeifuta kanuni, wangeuliza kwa nini. Siku watu hawa watakapojua kwamba mwanamke wanayemcheka ndiye aliyeshika kalamu mbele yao, hangekuwa na uso wa kuingilia mlango ule tena. Alimpigia simu mumewe, dereva wa lori aliyekuwa njiani muda mwingi kuliko nyumbani, naye akacheka. Akasema mama ni mdomo tu, moyoni hana neno, mzoee.

Badala ya kumzoea, alianza kujichunga. Siku za darasa alionja mchuzi mara mbili. Aliiacha redio kwenye idhaa anayoipenda Bibi. Alikata kucha. Bibi aliyaona yote hayo, akaelewa kwamba ameokota fimbo, na tangu hapo kila asubuhi ya darasa alikuwa akiuliza juu ya kikombe cha chai, kwa sauti ya mtu asiye na hatia, leo mnasoma nini.

Tusimwonee Bibi. Nyumbani hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Mwana yuko barabarani, mjukuu yuko kwenye Kiingereza, mkamwana anajibu ndiyo mama, sawa mama, na kuondoka na sahani. Pale ghorofani watu wazima walikuwa wakinyamaza akisimama. Mtu aliyeonja utamu wa kusikilizwa hutia chumvi kidogo, kisha kidogo tena, na ulimi hauna mfupa wa kumzuia. Lakini alijua anachofanya. Hilo nalo tuliseme.

Jioni moja Mwalimu aliandika ubaoni: dry up.

Akasema hiki ni kitenzi kidogo chenye nyumba nyingi. Nyumba ya kwanza ni maji. Mto, kisima au bwawa likikauka lote likabaki tope lililopasuka, hilo ndilo dry up. Shati lililoanikwa kambani linakauka tu, halihitaji makuu hayo. Nyumba ya pili ni jikoni: mmoja anaosha vyombo, mwenzake anavifuta kwa kitambaa, na huyo wa kitambaa ndiye anayefanya dry up. Ya tatu ni kitu kilichokuwa kikija kikaacha kuja, kama wateja, kazi, misaada. Ya nne ni mtu aliyesimama kusema mbele ya watu, mara maneno yakamkatikia mdomoni. Na ya mwisho msiitumie kwa mabosi wenu, kwa sababu ukimwambia mtu dry up unamwambia afunge domo.

Kinyozi aliuliza kama anaweza kuitumia kwa mwenye nyumba wake. Mwalimu akamshauri asubiri mpaka apate nyumba nyingine.

Sentensi zikaanza. Fundi wa friji alikuwa na kisima cha jirani kilichokauka, sasa jirani anakuja kwake na ndoo na hasalimii. Mhudumu mmoja alisema yeye anaosha sahani na mwenzake anazikausha, kisha akaongeza kwa kuwa kanuni inataka ukweli, naye huzivunja. Wateja wa Kinyozi walikauka wiki ile kilipofunguliwa kibanda kipya chenye vioo pande zote. Mlinzi alisimulia siku ya harusi yake, alivyopewa kipaza sauti atoe shukrani, maneno yakakauka kabisa, hadi bibi harusi akamnyang'anya kipaza sauti na kushukuru yeye mwenyewe kwa niaba yake. Darasa lilikuwa na raha. Hata Mwalimu alicheka, jambo ambalo kwa wiki kadhaa alikuwa amelisahau.

Kisha Nesi akasimama. Hakuwa mtu wa mzaha, alisema kama anavyojaza faili. Katika wodi yangu, alisema, kuna akina mama ambao maziwa yao hukauka kabla mtoto hajashiba.

Mwalimu alikuwa ameligeuzia darasa mgongo, anaandika. Kalamu ilisimama katikati ya neno. Baada ya muda alisema vizuri, lakini sauti ilitoka ndogo, na hakugeuka.

Wengine hawakuona kitu. Bibi aliona. Aliona mabega ya mkamwana wake yalivyokakamaa, akajua amepata pa kugusa, na zamu ilikuwa yake. Alisimama taratibu akaitengeneza miwani. Alikuwa ameshakiweza Kiingereza kiasi cha kutosha, kwa bahati mbaya. Alisema maziwa ya mke wa mwanangu yalikauka kwa sababu aliipenda kazi yake kuliko mtoto wake.

Kinyozi alicheka kwa mazoea, akajikuta anacheka peke yake. Mhudumu mmoja aliguna akasema duniani kuna wanawake. Fundi alitikisa kichwa. Walikuwa upande wa Bibi, kama siku zote, ila safari hii hawakufurahi.

Nesi ndiye aliyeinua mkono. Alimwomba radhi Bibi kwanza, kwa kuwa alikuwa na heshima zake, kisha akasema maziwa hayakauki kwa sababu mtu anapenda kazi. Yeye anashinda nayo kila siku, anayajua. Akauliza mtoto alikuwa na umri gani wakati huo.

Bibi alijibu kwamba alikuwa mchanga kabisa, wa wiki chache.

"Basi mama yake alikuwa bado yuko likizo ya uzazi," Nesi alisema. "Hiyo kazi aliipendea wapi?"

Bibi akasema mwili ulikuwa nyumbani, akili ilikuwa kazini. Alilisema kama alivyolisema mara nyingi kwa majirani, lakini mbele ya Nesi lilisikika jepesi. Nesi hakubishana. Aliuliza tu, kwa upole ule wa kumuuliza mgonjwa panapomuuma, kama nyumbani kulikuwa na ugonjwa siku zile, au msiba. Mzazi akipata huzuni kubwa, akashindwa kula na kulala, akakosa hata nguvu ya kumweka mtoto kifuani, maziwa hupungua mpaka yakakata. Amewaona wengi.

Bibi alifungua mdomo ajibu kwamba hapakuwa na kitu. Na hapo akakumbuka.

Si kwamba alikuwa amesahau. Alikuwa ameviweka vitu viwili katika vyumba viwili tofauti, akafunga mlango wa katikati. Chumba kimoja kilikuwa na maziwa yaliyokauka na kopo la maziwa ya unga alilolinunua yeye mwenyewe, na majirani aliowaambia kwamba wanawake wa ofisini ndivyo walivyo. Chumba cha pili kilikuwa na simu iliyolia asubuhi, wiki ile ile, kumwambia msichana yule, mke wa mwanawe, kwamba mama yake mzazi amefariki. Safari ya kwenda kumzika ilikuwa ya kutwa nzima kwa basi. Msichana aliomba kwa sauti ya chini ashikiwe mtoto siku mbili tu. Bibi alikuwa amekuja kuwasaidia kulea, na ni yeye aliyesema hapana. Alisema mtoto mchanga habebwi barabarani, na yeye hana ziwa la kumpa akilia, kwa hiyo hamshiki. Alisema aliyekufa hakuoni, mwangalie aliye hai. Yalikuwa maneno ya busara, na ni yeye aliyeyatoa, basi akayapenda. Mwanawe kwenye simu akasema msikilize mama. Msichana akamsikiliza. Mama yake akazikwa bila yeye.

Alisema ndiyo mama, sawa mama. Bibi alikumbuka na hilo, na kwamba aliondoka na sahani.

Sasa alikuwa amesimama na maneno hayaji. Aibu ilimpanda, aibu ya mtu mzima ambayo haina pa kukimbilia kwa sababu umri wake ulitosha kumzuia. Alikuwa amemsema mtoto wa watu kwa jeraha alilomtia mwenyewe. Si kwa majirani tu wa wakati ule. Jioni hii, mbele ya kinyozi, huku anayesemwa anaandika ubaoni.

Mwalimu aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Bibi, kanuni ya darasa unaijua," alisema. "Hiyo sentensi ni ya kweli?"

Ingetosha kusema ndiyo. Hakuna ambaye angebisha. Nesi angeketi, Kinyozi angepata la kuwapelekea wateja, na Mwalimu, ambaye siri ilikuwa imemziba mdomo, angeongeza herufi panapotakiwa na kuendelea. Bibi alilijua hilo. Aliitazama ile kalamu mkononi mwa mkamwana wake, iliyofunikwa kifuniko chake tayari, kama kwamba jibu lilishajulikana.

"Si ya kweli," Bibi alisema.

Alijaribu kuirekebisha kwa Kiingereza. Alisema mama yake alikufa, hapo Kiingereza kikamkatikia, akahamia kwenye lugha aliyozaliwa nayo. Hakuna aliyemkumbusha kwamba hairuhusiwi.

"Mama yake alikufa, akataka kwenda kumzika. Mimi nikamkatalia. Aliniomba nimshikie mtoto, nikasema simshiki. Akakaa ndani, hali, halali, analia kwa kujificha, nikamwona na nikanyamaza. Ndipo maziwa yakakauka. Halafu nikawaambia watu anapenda kazi."

Chini, muuza rangi alikuwa anaburuta makopo.

Fundi wa friji, ambaye kazi yake ni kuona kitu kilichoharibika na kusema kinatengenezeka, alikohoa. Akamuuliza Bibi kama aliwahi kumwomba radhi huyo binti. Bibi akasema hajawahi. Basi kamwombe, Fundi akasema, leo leo ukifika nyumbani, binadamu husamehe. Wote wakaidaka. Kinyozi akasema ndiyo, Bibi, kamwombe. Mlinzi akasema amkute jikoni, akina mama huelewana jikoni. Mmoja wa wahudumu akashauri ambebee hata sabuni nzuri. Walikuwa wema sana, kila mmoja anamtuma Bibi nyumbani kwa mwanamke waliyekuwa wakimcheka kwa miezi, na kila ushauri ulimwongezea Bibi mzigo.

Hakungoja nyumbani. Pengine alihofia kwamba akifika nyumbani angepata namna ya kuyapanga tena maneno yakamwelekea vizuri. Alijijua.

"Mwalimu," alisema, "nisamehe."

Darasa lilidhani anaomba radhi kwa kuharibu kipindi. Nesi akawahi kusema hakuna ubaya, Bibi, ndiyo kujifunza. Lakini Bibi hakuwa anamtazama Nesi, na Mwalimu hakujibu kama mwalimu. Aliiweka kalamu mezani.

"Bado, mama," alisema. "Nilikuomba siku mbili tu. Mpaka leo sijui walimweka wapi mama yangu, kaburi nimeoneshwa kwa picha. Nimejaribu kukusamehe kabla hujaniomba, nikashindwa. Sasa umeniomba, nitajaribu tena. Lakini bado."

Aliyaelewa kwanza Nesi, akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha yakawafikia wengine mmoja mmoja. Mlinzi aliinamisha kichwa. Wahudumu walifunga madaftari yao, yale yenye sentensi zote tangu ya kwanza, zimenakiliwa vizuri. Kinyozi alianza kusema kitu, pengine kwamba hawakujua, na ni kweli hawakujua, lakini alikumbuka alivyokuwa akilisimulia jambo lile la kucha huku akimwiga mwanamke anavyozipuliza, akaona kutojua hakumsaidii. Aliitazama mikono yake. Hapakuwa na mtu ndani ya chumba kile aliyetaka kuonwa na mwenzake.

Bibi alibaki amesimama. Ukweli ni kwamba alitegemea kusamehewa. Mtu mzima, mama wa mume, amejishusha mbele ya watu na kukiri kwa kinywa chake. Katika hesabu zake za siku zote hilo lilikuwa jambo kubwa, na jambo kubwa hulipwa papo hapo. Sasa alikuwa amelitoa lote, na binti aliyezoea kumwambia sawa mama alikuwa amemwambia bado. Hakumwambia kwa dharau. Ndilo lililomchoma zaidi, kwamba hapakuwa na dharau ya kumkasirikia.



Mwalimu alimwambia akae, naye akakaa. Aliushika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili na kuinamisha uso, akasubiri kipindi kiishe ili waende nyumbani.